Mafundi wa Motokaa Kuukuu katika Bonde la Kilombero

Habari za motokaa katika nchi yetu aghalabu huandikwa kama habari za kuwasili: gari la kwanza lilipofika, bwana mkubwa aliyelipanda, watoto waliolikimbilia, na barabara iliyokatwa kwa ajili yake. Siku zinazofuata, ambazo ni nyingi kuliko siku ile moja, wakati rangi imepauka, springi zimelegea, na mwenye gari amekwisha kuujua kwa sikio lake kila mlio utokao chini ya boneti, hazipati mwandishi. Kwa mahali kama Ifakara upungufu huu ni mkubwa, kwa sababu bonde la Kilombero halikuwa mahali pa magari mapya. Lilikuwa mahali ambapo gari lililokwisha kuchoka kwingine lilikuja kuanza kazi yake ya pili, na ambapo mtu aliyetaka kusafiri kwa motokaa ilimpasa kwanza awe, kwa kadiri yake, fundi wa motokaa hiyo.

Sababu imo katika ardhi yenyewe. Bonde limelala baina ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini magharibi na nyanda za Mahenge upande wa kusini mashariki, nalo ni tambarare hata mto Kilombero, ukijaa wakati wa masika, hauna ukingo wa kuuzuia. Huenea juu ya mbuga na kuugeuza uwanda kuwa ziwa la muda, na ni uwanda huo ambao mwaka 2002 uliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Kwa sheshe, kwa ndege wa majini na kwa mkulima wa mpunga, mafuriko hayo ni neema. Kwa dereva yalikuwa kifungo. Barabara itokayo Mikumi, ambayo hadi Ifakara ni zaidi ya kilometa 100, ilikatizwa na mito ishukayo kwa kasi kutoka milimani, na mtu aendaye Mahenge au Malinyi alikuta mbele yake, akiisha kupita Ifakara, mto mkubwa wenyewe na kivuko chake, pamoja na taratibu za kungoja ambazo hazikujali cheo cha mngojaji. Gari lililovunjika Lupiro katika mwezi wa Machi halikuwa na msaada zaidi ya ule uliokuwapo Lupiro. Kuagiza kipuri kutoka Dar es Salaam kulikuwa kama kuagiza mvua ikome: huenda ikakoma, lakini si kwa ajili ya barua yako.

Ufundi, hata hivyo, ulitangulia motokaa. Wandamba walikuwa mabingwa wa mitumbwi kabla ya serikali yoyote kuwaza barabara, na majembe yaliyolima mpunga wa bondeni yalitoka kwa wahunzi wa nyanda za juu, wa Upangwa na Ubena, waliojua tanuri, fuawe na mivukuto. Baadaye ikaja baiskeli, na ardhi ile isiyo na kilima ikaipokea kwa mapenzi ambayo hayajapoa hata leo, kiasi kwamba mgeni aingiaye Ifakara huona baiskeli kabla ya kuona nyumba. Napenda kuamini kwamba baiskeli ndiyo iliyokuwa chuo cha kwanza cha mafundi wa bonde, maana ndani yake mna beringi, mnyororo, gurudumu la meno na breki, mambo yote ya msingi ya gari isipokuwa moto wa injini. Na kijana aliyezoea kuziba mpira wa ndani, kunyoosha rimu iliyopinda na kupima kwa vidole kama beringi imekazwa mno au imelegea mno, hakuwa mjinga alipoletewa gurudumu la lori.

Maarifa ya moto wa injini yaliletwa kwa wingi na Vita vya Pili vya Dunia. Maelfu ya vijana wa Tanganyika waliotumikia King's African Rifles na vikosi vya uchukuzi vya jeshi la Afrika Mashariki, huko Uhabeshi, Madagaska na Burma, walifundishwa kuendesha malori na kuyatunza, wakarudi makwao baada ya mwaka 1945 wakiwa na elimu ambayo vijiji vyao havikuwa bado na kitu cha kuitumilia. Kitu hicho kilipatikana upesi. Mwaka 1947 Uingereza ilianzisha huko Kongwa ule mpango mashuhuri wa karanga, na kwa kuwa viwanda vya Ulaya havikuweza kutoa trekta mpya za kutosha mara tu baada ya vita, wenye mpango walinunua trekta zilizoachwa na majeshi huko Ufilipino, nyingi zikiwa na kutu na mapengo, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa na kiwanda cha Vickers kuwa mitambo ya kung'olea visiki, ikaitwa Shervick. Karanga hazikupatikana kama ilivyotazamiwa, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Wanahistoria wameucheka mpango huo, na wana haki ya kucheka. Lakini kazi ya kuzifanya trekta zile mbovu zitembee iliwapitia vijana wengi mikononi, na vijana hao walipotawanyika walikwenda na mikono yao. Mwaka huo huo wa 1951 ilifunguliwa shule ya ufundi ya Ifunda karibu na Iringa, na mwaka 1957 ikafuata ya Moshi, ambazo zilitoa mafundi wenye vyeti. Wale wa Kongwa na wa Burma hawakuwa na vyeti.

Gari lililokuja kutawala bonde nalo, kwa nasaba yake, ni mtoto wa matengenezo ya nyumbani. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na jipu kuukuu la jeshi la Marekani katika shamba lake kwenye kisiwa cha Anglesey, na alipojiuliza atanunua nini jipu hilo litakapokufa, hakuona jibu ila kuunda gari lake mwenyewe. Mfano wa kwanza wa mwaka 1947 uliundwa juu ya fremu ya jipu, na mwaka uliofuata Land Rover ikaonyeshwa hadharani mjini Amsterdam. Chuma kilikuwa adimu Uingereza wakati huo, hivyo bodi ikafanywa kwa aluminiamu. Uamuzi huo wa dhiki uligeuka kuwa fadhila katika nchi yenye unyevu kama Kilombero, kwa kuwa bodi ya aluminiamu haishiki kutu, ikijikunja hunyooshwa kwa nyundo ya mbao, na imefungwa kwa bolti na ribiti ambazo mtu mwenye spana chache aweza kuzifungua chini ya mwembe. Fremu ya chini, ambayo ni chuma, ndiyo iliyooza. Na fundi wa bonde alijifunza kuichunguza kwa kuigonga na kusikiliza mlio wake, kisha kuchomelea bamba mahali palipooza, na baada ya miaka kuchomelea bamba juu ya bamba, hadi fremu ya asili ikabaki kuwa dhana tu.

Gari hizi zilikuja na watu walioleta kazi. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi, waliopokea misheni za bonde baada ya Vita vya Kwanza, walikuwa na mabruda waliojua useremala, uashi na mitambo; mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel akaanzisha Ifakara maabara ya taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya nchi za joto, ambayo uzao wake leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara; na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha sukari kikainuka Kidatu, pamoja na trekta, malori na karakana ya kuyahudumia. Kila mmoja katika hawa alikuja kwa jambo lake, huyu kwa roho, huyu kwa kupe na mbu, huyu kwa miwa, na hapana hata mmoja aliyekuja kufundisha ufundi wa motokaa. Lakini kila mmoja alihitaji mtu wa kumshikia taa na kumpa spana namba kumi na nne anapokuwa amelala chini ya gari, na mshika taa mwenye macho hujifunza. Hivyo ndivyo spana boi alivyopatikana, naye akikaa miaka mitatu au minne akiosha vipuri kwa dizeli na kufungua nati zilizokataa, hutoka akiwa fundi bila mtu kumtangaza.

Inafaa kueleza kwa utaratibu kazi yenyewe ilivyokuwa. Land Rover za zamani zilikuwa na udhaifu mmoja maarufu: shafti ya ndani ya ekseli ya nyuma, ile ipelekayo nguvu kutoka kwenye difu hadi kwenye gurudumu, ilikatika kwa wepesi pale dereva alipoachia klachi kwa pupa gari likiwa limezama katika tope. Mgeni angedhani safari imekwisha. Lakini ekseli ile ilibuniwa hivi kwamba gurudumu halishikiliwi na shafti, bali na beringi zake lenyewe, hivyo fundi hufungua bolti za kifuniko kilicho katikati ya gurudumu, akaivuta shafti iliyokatika, akakivua kipande kilichobaki ndani kwa kitanzi cha waya, akafunga kifuniko, akaingiza gia ya magurudumu ya mbele, na gari likaenda nyumbani likivutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Madereva wenye busara walichukua shafti ya akiba chini ya kiti, kama vile walivyochukua maji.

Tangi la mafuta likitoboka kwa jiwe, kipande cha sabuni ya mche kilisuguliwa juu ya tundu hadi kikashika, na sabuni hiyo, ambayo maji huiyeyusha, petroli haiwezi kuiyeyusha. Petroli ikichemka katika pampu wakati wa jua la saa nane, injini ikakata pumzi, kitambaa kilichoroweshwa maji kilifungwa juu ya pampu, na baada ya muda wa kunywa chai injini iliwaka. Gasketi ilikatwa kwa karatasi ngumu ya boksi, ikawekwa juu ya chuma na kugongwa pembeni kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, hadi makali ya chuma chenyewe yakaikata karatasi kwa kipimo kisichokosea. Pointi zilizoungua zilisuguliwa kwa msasa. Springi iliyovunjika jani lake kuu iliongezewa jani kutoka springi ya lori, na hapo fundi aligundua kwamba gari limeinuka inchi moja au mbili, na kwamba sasa linapita pale ambapo zamani lilikwama tumbo. Mwezi uliofuata mwenye gari jingine, ambalo springi zake zilikuwa nzima kabisa, alikuja kuomba aongezewe jani hilo hilo. Mabadiliko yaliyoitwa maendeleo katika karakana za Ulaya, yaliyochorwa kwanza na kupimwa, Ifakara yalizaliwa hivyo, kutoka katika tumbo la ubovu.

Sitaki kuwasifu kupita kiasi. Katika ubunifu huo mlikuwa na mambo ambayo fundi mwadilifu asingeyafanya, na la kwanza ni lile la kutia maji ya sabuni mahali pa mafuta ya breki, jambo ambalo linafanya kazi hadi breki zipate joto katika mteremko, maji yakachemka, na kanyagio likazama hadi sakafuni bila kushika kitu. Mteremko wa kutoka Mahenge si mahali pa kujifunza somo hilo. Wazee wa kazi waliitambua tofauti baina ya hila ya kukufikisha nyumbani na tengenezo la kudumu, wakawakanya wanafunzi wao wasiichukue ile wakaifanya hii. Vijana wengi waliwasikiliza, na baadhi hawakusikiliza.

Mtu aweza kuuliza, je, magari ya mbio, yale ya fahari, yaliyo chini chini kama paka anayenyatia, yalikuwa na nafasi gani katika habari hizi? Bondeni hayakuwa na nafasi, kwa kuwa gari la namna hiyo lingeacha bomba lake la moshi katika tuta la kwanza. Lakini redio ilikuwapo, na kila Pasaka, katikati ya masika, redio ilitangaza mashindano ya Safari yaliyoanzishwa mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo mwaka 1963 yalikuwa makali hata katika magari 84 yaliyoanza yakamaliza 7 tu. Mafundi walifuata habari hizo kwa sababu zilikuwa habari za kazi yao: tope lile lile, springi zile zile. Na shujaa aliyewapendeza zaidi alikuwa fundi mwenzao, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyejifunza kazi katika gereji ya baba yake, ambaye mwaka 1965, pamoja na ndugu yake Jaswant, alishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari ambalo timu ya kiwanda ililikimbiza mwaka uliotangulia na kuliacha, naye akalinunua na kulitengeneza upya kwa mkono wake. Viwanda vikubwa vilileta magari mapya na mafundi kutoka ng'ambo. Aliyeshinda ni mtu aliyeijua kila nati ya gari lake kuukuu kwa kuwa ndiye aliyeikaza. Sishangai kwamba Peugeot 404, na baada yake 504, zilizoshinda mashindano hayo hayo, ndizo zilizotamaniwa na kila mwenye fedha kidogo katika miji yetu, wala sishangai kwamba fundi aliyeletewa Pijo chakavu aliipandisha springi na kuifungia bamba la chuma chini ya injini, akiiga kile alichokisikia redioni.

Mwaka 1970 Wachina walianza kujenga reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na bonde ambalo lilikuwa kisiwa likajikuta katikati ya kazi kubwa kuliko zote zilizopata kuonekana katika Afrika Mashariki ya wakati huo. Reli ilipita Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba, kisha ikapanda Makambako kwa mahandaki 18. Mang'ula palikuwa kambi kuu, penye karakana zilizokuwa na mashine za kukereza chuma. Na reli ilipokabidhiwa mwaka 1976 mitambo ya pale ilibaki, pakawa kiwanda cha zana na mashine cha umma. Mafundi wa Kichina hawakuwa na Kiswahili kingi wala vijana wa Kilombero hawakuwa na Kichina, hivyo mafunzo yalikwenda kwa macho: fanya kama ninavyofanya. Kwa mara ya kwanza bondeni palikuwa na watu walioweza sio tu kufungua na kufunga, bali kukereza kipuri ambacho hakikuwapo, busi, pini, au shafti nzima, kutoka katika pande la chuma tupu.

Maarifa hayo yalihitajiwa mapema kuliko mtu alivyotazamia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita na Idi Amin vikaja mwaka 1978, bei ya mafuta ikapanda tena, na fedha za kigeni zikaadimika hata State Motor Corporation, lililopewa jukumu la kuagiza magari, halikuweza kukidhi hata haja za serikali. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Katika miaka hiyo gari bovu halikutupwa. Lilichinjwa, kama wasemavyo mafundi, na viungo vyake vikagawanywa: difu likaenda Mlimba, kabureta likabaki Ifakara, milango ikavuka kivuko. Dar es Salaam nako kulizuka chai maharage, magari madogo ya mizigo yaliyofungwa mabenchi ya kutazamana na kugeuzwa kuwa mabasi, ushahidi kwamba dhiki ilikuwa imewafundisha watu wa mji yale ambayo watu wa bonde walikuwa wameyazoea tangu zamani. Fundi wa miaka hiyo alikuwa na heshima ambayo hapana fundi wa sasa ataipata. Aliamkuliwa shikamoo na watu wenye umri wake, na mwenye lori alimpelekea mchele wa shamba lake kabla ya lori kuharibika, kama akiba ya siku mbaya.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mlango ukafunguka. Kupitia Dubai zikaja gari za Kijapani zilizotumika, na pamoja nazo injini zao peke yake, zikiwa zimefungwa kamba juu ya mbao. Hapo ndipo ufundi wa kupandikiza ulipokomaa. Land Rover 109 yenye injini ya petroli ilikunywa mafuta bila huruma, na mafuta Malinyi yaliuzwa kwa bei ya Malinyi. Basi fundi aliitoa, akatia injini ya dizeli ya Isuzu, Nissan au Toyota. Kusema ni rahisi. Injini na giaboksi havikuzaliwa pamoja, hivyo lilihitajika bamba la kuziunganisha, lenye matundu ya upande huu na ya upande ule, lililokerezwa kwa usawa ambao ukikosea unene wa unywele shafti ya giaboksi hulia hadi ife. Vishikilio vya injini vilichomelewa upya juu ya fremu, shafti ndefu ikafupishwa au ikarefushwa, radieta ikasogezwa mbele. Likitoka hapo gari lilikuwa na bodi ya Uingereza, moyo wa Ujapani, springi za lori na mabenchi ya mninga, nalo lilibeba abiria na magunia ya mpunga kwa miaka mingine kumi. Sijui karakana yoyote ya kisasa itakayothubutu kulipa gari hilo dhamana, na sijui abiria yeyote wa njia ya Mlimba aliyeidai.

Tangu hapo mambo yamekwenda haraka. Pikipiki za Kichina zimechukua abiria, pawatila zimechukua shamba, na mwaka 2018 lilizinduliwa daraja la Kilombero, lenye jina la Magufuli, likakiondoa kivuko katika njia ya Mahenge. Magari mapya yana kompyuta, na kijana wa leo huanza kwa kuchomeka kifaa cha kusoma hitilafu pale ambapo babu yake aliweka bisibisi juu ya injini na sikio juu ya bisibisi.

Huko Solihull Uingereza, Land Rover ya mwisho ya ukoo ule wa zamani ilitoka kiwandani mwezi wa Januari mwaka 2016, na tangu siku hiyo matajiri wa Ulaya wamekuwa wakizitafuta zile kuukuu kwa bei inayoshangaza, wakizirudishia kila bolti ya asili na rangi ya asili, na gari lililobadilishwa injini huwashusha moyo. Mnunuzi wa Ifakara halijali jambo hilo hata kidogo. Yeye huzunguka gari mara moja, huchutama kutazama fremu, kisha huuliza injini ni ya nini, ni fundi gani aliyeifunga, na je, fundi huyo angali hai?